Kihariri Nilichomchagulia Asger

Tovuti ya mzika watu ilipotangaza ofa ya "leta wawili, wa tatu tunamzika bure," mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kuiona.

Sikupiga kelele. Sikumwita mtu. Nilimalizia kutafuna mkate wangu, nikaangalia saa, nikatabasamu peke yangu kama mwendawazimu.

Msinihukumu haraka. Sikilizeni mkasa wote kwanza, halafu mtaniambia ningefanya nini.

Naitwa Solvej. Natengeneza tovuti kwenye ofisi ndogo hapa mjini Horsens, watu tisa tu, ghorofa ya pili juu ya duka la baiskeli. Bosi wetu ni Merete, mama wa shoka, mpole lakini hapendi longolongo. Na kulikuwa na Asger Winther.

Asger. Hata kuliandika jina lake hapa najisikia kuuma meno.

Huyu bwana ni mrefu, ana sauti ya mtangazaji wa redio, anacheka na kila mtu. Wateja wanampenda. Bosi alikuwa anampenda. Mpaka mbwa wa duka la baiskeli anampenda. Ila kazi yake sasa! Ubabaishaji mtupu. Anaboronga, halafu anakuangalia machoni anasema ni wewe.

Ngoja nieleze tulivyokuwa tunafanya kazi, maana hapo ndipo uchungu wangu ulipoanzia.

Tulikuwa na programu mbili. Moja ni kihariri, yaani programu ya kuandikia msimbo, yale maandishi yanayoijenga tovuti. Ya pili ni ya kubebea mafaili kutoka kwenye kompyuta yako mpaka kwenye seva, ambako dunia nzima inayaona. Unaandika huku, unahamia kule, unalivuta faili, unalitupa seva. Ukivuta la zamani kimakosa, linalifunika jipya, na hakuna wa kukuuliza mara mbili.

Na wote tisa tulikuwa tunaingia seva kwa jina moja na neno la siri moja. Seva haikujua huyu ni Solvej au ni paka.

Hapo ndipo Asger alipojificha.

Kati ya wateja wetu alikuwepo Mzee Ejner Thygesen, mzika watu. Huyu mzee ndiye aliyemzika baba yangu. Ndugu wote walitaka baba avalishwe suti. Mimi nikasema baba hakuwahi kupenda suti, avalishwe sweta lake la kijani. Wakanijia juu. Mzee Ejner akawasikiliza wote mpaka mwisho, akasema, "Binti yake amesema sweta." Yakaisha.

Mwaka uliofuata akaja kutaka tovuti. Nilimtengenezea kama namtengenezea baba. Sijawahi kuipenda kazi nyingine kama ile.

Sasa basi. Oktoba, Asger akavuta folda la zamani akalitupa juu ya tovuti ya Mzee Ejner. Ratiba ya maziko ya wiki ile ikarudi nyuma, na saa zikabadilika. Watu kumi na wanane walifika kanisani saa nane mchana na maua yao, wakati bibi wa watu alishazikwa saa tano asubuhi.

Jumatatu, kwenye kikao, Asger akaanza na ile sauti yake.

"Jamani, tusimlaumu sana Solvej. Kila mtu huteleza."

"Solvej gani? Mimi sikuigusa tovuti ile siku nzima!"

"Dada, hakuna anayekushambulia. Sema tu ukweli, yaishe."

"Yaishe nini, Asger? Wewe ndiye uliyekuwa humo!"

Nikawa nimepandisha sauti. Na kwetu hapa, mtu akipandisha sauti ofisini, hata awe na haki vipi, ndiye aliyekosa. Niliona watu wanainamisha macho kwenye vikombe vyao.

Merete akauliza kwa upole, "Kuna namna ya kujua nani aliingia?"

Hakukuwa na namna. Jina moja, neno la siri moja. Na tovuti ilikuwa mikononi mwangu.

Ofisini kwetu kuna desturi, kama ofisi nyingi za nchi hii: ukiboronga, unaoka keki ya aibu. Unaileta mwenyewe, unaikata mwenyewe, unasimama mbele ya wenzako unaeleza ulichokosea, kisha wote mnakula na kosa limesamehewa. Desturi nzuri kabisa, kama kosa ni lako.

Nilioka. Nilisimama. Nikaeleza kosa ambalo sikulifanya.

Asger alikula vipande viwili. Alipoongeza cha pili akaniambia mbele ya watu, "Solvej, ukiendelea hivi utatunenepesha!"

Wakacheka wote. Na mimi nikacheka, basi tu.

Wiki ile ile Merete akanivua kazi ya Mzee Ejner. Akampa nani? Asger.

Niliingia chooni nikalia mpaka nikachoka. Nilipotoka nilikuwa nimeshaapa. Nilitaka siku moja, siku moja tu, Asger akamatwe peupe mbele ya watu wale wale waliokula keki yangu. Na Mzee Ejner arudi kwangu.

Mvumilivu hula mbivu. Nilingoja miezi sita.

Mwezi wa nne Merete alichoka na makosa ya kuvuta mafaili. Akasema, "Nataka kihariri kimoja kwa ofisi nzima, chenye kubeba mafaili ndani yake. Mtu aandike na kupeleka hapo hapo. Solvej, wewe una subira. Vijaribu vyote, uniletee kimoja."

Nikasema sawa, kwa unyenyekevu, kama mtoto wa shule ya Jumapili.

Nilijaribu sita. Kimoja kilikuwa na kasi ya ajabu, ila kikipeleka faili kubwa kinakatika katikati. Kingine kilikuwa kizuri kwa macho lakini kinaila kompyuta mpaka feni inalia. Kingine cha bure, vijana wote wa mjini wanakitumia, ila kipande cha kubebea mafaili unakibandika mwenyewe kutoka kwa mtu usiyemjua. Leo kipo, kesho aliyekitengeneza kaamua kuachana nacho, umebaki mikono mitupu.

Cha sita kilikuwa hakivutii hata kidogo. Merete alipokiona alisema kinafanana na kikokotoo cha babu yake.

Lakini kilibeba mafaili bila kukatika. Kilikuonyesha la zamani na jipya kando kwa kando kabla hujapeleka. Kila mtu alikuwa na ufunguo wake mwenyewe wa kuingilia seva. Na kilikuwa na rejista.

Rejista ile ilikuwa inaandika kila kitu. Nani, kompyuta gani, faili gani, saa ngapi na dakika ngapi. Mistari yote ya ofisi inakusanyika kwenye ukurasa mmoja, na hakuna wa kuifuta, hata bosi.

Nilisoma maelezo hayo mara tatu. Kahawa yangu ikapoa mezani nikiwa nimeisahau.

Siku ya kukichagua, vijana watatu walitaka kile cha bure. Mimi sikuitaja rejista kabisa. Nikataja kitufe.

"Hiki kina kuhifadhi na kupeleka kwa pamoja," nikasema. "Unabonyeza mara moja, faili linahifadhiwa kwako na linafika seva papo hapo."

Asger akanyanyua kichwa. "Mara moja tu? Huhangaiki kuvuta?"

"Huhangaiki."

"Hapo umenena, dada! Kura yangu hii hapa." Akawageukia wale watatu. "Nyie acheni ushamba, kazi iende!"

Akawageuza wote. Yaani alijichimbia kaburi kwa mikono yake, mimi kazi yangu ilikuwa kumshikia sepetu.

Nikatoa mafunzo. Nikasema wazi, "Kitufe hiki kiwasheni kwenye seva ya majaribio tu. Kwa tovuti iliyo hewani kizimeni, la sivyo kila mkihifadhi, dunia inaona."

Kawaida yangu jambo kama hilo nalirudia mara tatu. Siku ile nilisema mara moja. Asger alikuwa anachati na simu chini ya meza, na mimi nilimwona.

Rejista niliiandika kwenye ukurasa wa nne wa maelekezo. Asger hasomi hata maandishi ya pakiti ya maziwa.

Basi nikaanza kungoja. Ukurasa wa rejista niliuweka kwenye kona ya skrini yangu, asubuhi mpaka jioni, wiki tano. Nilikuwa naangalia jina lake likipita. Nyumbani mume wangu aliniuliza, "Mbona siku hizi unawahi sana kazini?" Nikamjibu nimeipenda tu.

Ikafika Alhamisi moja ya mwezi wa sita.

Kwetu chakula cha mchana ni saa tano na nusu. Wote mezani, mkate mweusi, samaki wa kukaanga, simu zinabaki kwenye madawati, na hakuna anayeinuka mpaka watu wamalize. Siku hiyo nilisema nina kitu namalizia, nikabaki na mkate wangu mbele ya skrini. Asger naye alichelewa kidogo, anamalizia ukurasa mpya wa majeneza wa Mzee Ejner. Akabonyeza kitufe chake, akanusa hewa, akasema, "Samaki hao!" akakimbilia mezani.

Mstari mpya ukatokea kwenye rejista. Asger Winther. Tovuti ya Thygesen. Ukurasa wa majeneza. Saa tano na dakika thelathini na nane.

Nikalifungua faili nihakikishe kwa macho yangu.

Asger alikuwa na tabia moja: ukurasa ukiwa haujapata maneno ya mteja, anaujaza utani wake ili aone unavyokaa. Sasa chini ya picha ya jeneza jeupe palikuwa pameandikwa: "Ofa ya kiangazi! Leta wawili, wa tatu tunamzika bure. Wateja wetu hawajawahi kurudi kulalamika!"

Na ilikuwa hewani. Dunia nzima inaona.

Kuliondoa ilikuwa kubonyeza mara moja tu, sekunde mbili.

Kidole changu kilifika mpaka juu ya kitufe. Halafu nikawaza: nikiliondoa, nani atajua? Kesho Asger ataligeuza kichekesho kwenye bia za Ijumaa, na watu watacheka kama walivyocheka na keki yangu.

Nikatoa kidole. Nikachukua mkate.

Saa sita kasoro dakika kumi, simu ya Merete ikaanza kulia kwenye dawati lake. Hakuna aliyeinuka. Ikakata, ikalia tena. Ya tatu nikaichukua, nikatembea nayo taratibu mpaka mezani.

"Merete, samahani. Simu yako haikomi."

Akapokea. Nilimwona uso unavyobadilika. Alisema "ndiyo" mara nne, "samahani sana" mara mbili, akaweka simu mezani.

"Solvej, ondoa ukurasa wa majeneza wa Thygesen. Sasa hivi."

Nikakimbia nikauondoa, nikarudi. Merete alikuwa amesimama.

"Nani kaigusa tovuti ya Thygesen?"

Asger, samaki mdomoni, hata hakufikiria. "Mimi nipo hapa nakula. Asiyekuja mezani ni Solvej."

Haki ya Mungu nilijua atasema hivyo! Macho yote yakanigeukia, yale yale ya Oktoba. Ila safari hii sikupandisha sauti hata kidogo.

"Tuangalie rejista," nikasema.

"Rejista gani?" Asger akauliza.

Jamani, utamu wa swali lile! Nimekula vitu vitamu maishani, lakini ule haujapata mwenzake.

Nikawasha projekta. Ukutani, herufi kubwa, jina lake, kompyuta yake, dakika yake. Mtu mmoja akaguna. Asger akaacha kutafuna.

"Hii programu imekosea," akasema.

"Programu uliyoipigia kura?" nikamuuliza. "Na kura za wenzako ukazileta wewe?"

Asger akasukuma sahani yake mbele.

"Na Oktoba, Asger? Oktoba nani alilivuta lile folda?"

Akaangalia ukuta, akaangalia watu, akaona hapana pa kutokea. "Oktoba ilikuwa mimi," akasema, sauti ya redio imekwisha kabisa. "Niliogopa."

Nilitaka kupanda juu ya meza nipige vigelegele. Miezi minane! Wale wale waliokula keki yangu sasa wanakwepa macho yangu, mmoja ananiambia pole kwa midomo bila sauti. Nikasema moyoni, malipo ni hapa hapa duniani.

Lakini Merete alikuwa bado anausoma ukuta.

"Solvej, huu mstari wa pili ni nini?"

Nikageuka.

Saa tano na dakika thelathini na tisa. Solvej Damgaard. Amefungua faili: ukurasa wa majeneza.

"Uliliona?" Merete akauliza.

"Nililiona."

"Kuondolewa ni saa tano na dakika hamsini na tatu, baada ya mimi kukutuma. Hizo dakika kumi na nne ulikuwa unafanya nini?"

Nilitafuta jibu, likaja la kweli tu. "Nilikuwa nakula."

Hakuna aliyecheka. Mwosha huoshwa, wahenga walisema, ila hawakusema ni mchana ule ule.

Merete akazima projekta. "Asger, chukua koti lako, tutaonana kesho asubuhi. Solvej, panda baiskeli yako uende kwa Mzee Ejner. Ukamweleze mwenyewe."

Nikaenda. Na nisiwadanganye, njiani nilikuwa bado nimevimba kichwa. Nilikuwa napanga maneno: Mzee, ni Asger, na Oktoba pia ni Asger, jina langu limesafishwa, nirudishie kazi yako.

Nilimkuta amekaa kwenye chumba cha kupokelea wageni. Mezani kulikuwa na vikombe viwili vya kahawa, kimoja hakijaguswa.

Nikamwambia yote kwa pumzi moja. Asger, ofa, Oktoba, kukiri kwake.

"Oktoba nilijua si wewe," akasema.

"Ulijuaje, Mzee?"

"Mwanangu, mtu aliyepigania sweta la baba yake hawezi kukosea saa ya maziko ya mtu halafu akalala. Nimemsumbua Merete tangu majira ya baridi. Juzi akakubali. Jumatatu ijayo ulikuwa unarudi kwangu."

Nikakaa bila kukaribishwa.

Akaendelea, taratibu kama kawaida yake. "Leo alikuja mama mmoja. Mumewe amekufa Jumanne, wana watoto wawili wadogo. Nikamgeuzia skrini, nikamwambia achague bila haraka. Akaanza kusoma kwa sauti. Alisoma mpaka mwisho, kwa sababu mwanzoni hakuelewa kama ni utani. Halafu akaniuliza, 'Mnatucheka?'"

"Ilikuwa saa ngapi?" nikauliza.

"Saa sita kasorobo."

Saa sita kasorobo. Mimi nililiona saa tano na dakika thelathini na tisa. Nilikuwa na dakika sita nzima kabla yule mama hajasoma neno hata moja.

Ningeweza kunyamaza. Rejista ilikuwa ofisini, yeye asingeiona kamwe. Lakini yule mzee aliwahi kuniamini mbele ya ndugu zangu wote, nikashindwa kumdanganya usoni. Nikamwambia. Kidole juu ya kitufe, mkate, kila kitu.

Hakunifokea. Heri angenifokea.

"Asger hakujua," akasema mwishowe. "Wewe ulijua, ukangoja."

Akainuka, akachukua kile kikombe ambacho hakikuguswa, akakipeleka kwenye sinki. "Nenda nyumbani, Solvej. Nitatafuta watu wengine wa tovuti."

Asger alifukuzwa. Siku hizi yuko mji mwingine, Vejle, nasikia anawaambia watu nilimtega. Aseme, si uongo, na kwa upande wake sijutii hata chembe. Jina langu ofisini ni safi, kihariri kile tunakitumia mpaka leo, na Merete ananisalimia vizuri kila asubuhi.

Tovuti ya Mzee Ejner inatengenezwa na watu wa Aarhus. Ni mbaya. Huwa naifungua mara moja moja, naifunga.

Jina la yule mama silijui. Nilimwomba Mzee Ejner anwani niende nikapige magoti, akakataa, akasema yule mama ana mambo mengine ya kubeba.

Mtanitukana kwenye maoni, najua, na wengine mtanipongeza. Mimi funzo langu ni moja, na nimelilipia. Ukiona kosa la adui yako limeanza kumwendea mtu asiyehusika, lizuie kwanza, visasi utavimaliza baadaye. Mimi ushahidi wangu wote ulikuwa umeshaandikwa saa tano na dakika thelathini na nane, na hakuna ambaye angeweza kuufuta. Kungoja kwangu hakukuongeza hata mstari mmoja juu ya Asger.